Kulea mkwaju wa bonsai katika pwani ya Lindi na Mtwara

Bonsai ni sanaa iliyochimbuka China na kukuzwa sana Japani, na haihitaji mbegu maalumu ya mti mfupi, kwa kuwa udogo wa mti hutokana na kukatwa matawi, kupunguzwa mizizi na kuishi katika chungu kidogo. Kwa mkazi wa Lindi, Mikindani au Masasi, mti ninaoupendekeza kabla ya mingine yote ni mkwaju. Majani yake ni madogo, gome lake hupasuka na kuupa mti sura ya uzee mapema, nao huchipua kwa urahisi baada ya kukatwa. Mbuyu pia hupendeza, ila mizizi yake minene huoza upesi maji yanapotuama.

Mbegu ziandaliwe mwezi wa Novemba, mvua zinapokaribia. Osha mbegu mpaka nyama ya ukwaju iishe, kwaruza ganda la kila mbegu upande mmoja kwa msasa, kisha ziloweke usiku kucha. Zifukie kwenye viriba kwa kina kisichozidi sentimita 2. Nyingi huota ndani ya wiki mbili, na inafaa kuotesha zaidi ya unazohitaji, kwa sababu miche hutofautiana sana na utapenda kuchagua.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua uzuri wa mti wote, ingawa wengi huiruka. Mche ukifikia urefu wa sentimita 15 hivi, utoe kwenye kiriba kwa uangalifu, ufupishe mzizi mkuu unaoshuka wima, halafu uupande juu ya kigae bapa kilichofukiwa kwenye udongo, ili mizizi ishindwe kushuka na ilazimike kutambaa pande zote. Mti uliotunzwa hivi huwa na mizizi iliyotawanyika kuzunguka shina, na mizizi hiyo ndiyo inayolifanya jicho liuone kuwa mti mkubwa. Baada ya kupandikiza, uweke kivulini wiki mbili hadi tatu.

Usiharakishe kuuhamishia kwenye chungu cha maonyesho. Shina hunenepa kwa wingi wa majani na nafasi ya mizizi, kwa hiyo mkwaju uliowekwa katika bakuli dogo ukiwa mwembamba hubaki mwembamba kwa miaka mingi. Mpe mche ndoo iliyotobolewa chini au sehemu ya bustani, uuache urefuke kwa uhuru miaka miwili au mitatu, kisha mvua zinapoanza ulikate shina juu kidogo ya tawi au chipukizi utakalolifanya kilele kipya. Rudia hivyo kila kilele kinaponenepa vya kutosha. Mikato hiyo ndiyo inayolifanya shina liwe nene chini na jembamba juu, jambo ambalo waya hauwezi kulifanya.

Waya ni wa kuelekeza matawi tu. Tumia wa alumini, au wa shaba uliotolewa kwenye nyaya za umeme, wenye unene wa takriban theluthi moja ya tawi, na uuzungushe kwa mshazari. Ukague mara kwa mara, hasa wakati wa masika ambapo tawi hunenepa haraka, na uukate kipande kwa kipande kabla haujazama kwenye gome.

Mwaka wa tano au wa sita, mti unaweza kuingia kwenye chungu kipana chenye kina kifupi. Mfinyanzi anaweza kukutengenezea kimoja, mradi umwombe atoboe matundu kabla ya kukichoma. Changanya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi, na mboji kidogo. Mchanga wa ufukweni usiutumie kamwe kwa sababu ya chumvi, na kwa sababu hiyohiyo maji ya mvua ni bora kuliko ya visima vilivyo karibu na bahari. Kiangazi, upepo wa kusi unapovuma, chungu kifupi kinaweza kukauka kabla ya jioni, hivyo huenda ukamwagilia mara mbili kwa siku. Kila baada ya miaka miwili, mwanzoni mwa mvua, utoe mti, upunguze theluthi moja ya mizizi na kubadilisha udongo.

Mkwaju mmoja uliokomaa unaweza kuzaa mwingine ulio tayari na unene. Chagua tawi lenye umbo zuri, ondoa gome kwa kulizunguka kwa upana wa sentimita 3, ukwangue ute wote uliobaki ili jeraha lisijifunge, kisha lifunike kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuloweshwa, ulifunge kwa nailoni juu na chini. Baada ya miezi miwili au mitatu ya mvua, chungulia: mizizi iliyojaa makumbi ikianza kugeuka rangi ya kahawia, kata chini yake na upande bila kuyatoa makumbi, kwa kuwa mizizi hiyo michanga hukatika ikiguswa.