Mazishi ya Kiislamu Lamu: mtaa ujipange vipi

Kuosha maiti, kukafini (kumvika sanda), kuswalia na kuzika ni fardhi kifaya. Wakisimama baadhi ya watu, wengine wameondokewa na dhima. Asiposimama mtu, dhambi ni ya wote. Kwa hiyo kazi hii si ya wafiwa. Mjane hafai kuulizwa bafta, kitambaa cha sanda, iko wapi, wala mtoto wa marehemu kuhangaika kutafuta majembe. Maelezo haya yanafuata madhehebu ya Shafii, yaliyo ya watu wengi wa pwani yetu.

Kila mtaa uwe na vitu hivi kabla hajafa mtu: jora la bafta nyeupe, pamba, karafuu maiti (kafuri), majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kupondwa, udi, glavu, ndoo, majembe na viunza, yaani mbao za kufunikia maiti kaburini. Viwekwe msikitini au kwa mtu mmoja anayejulikana, na kila kinachotumika kinunuliwe tena wiki hiyo hiyo. Chagueni pia wasimamizi wanne: wa karatasi, wa kuosha, wa kaburi na wa chakula. Mambo mengi huharibika kwa sababu watu ishirini wanafanya kazi moja na kazi nyingine haina mwenyewe.

Saa ya kwanza

Mfumbe macho. Funga kidevu kwa kitambaa kipana kinachopita juu ya kichwa. Kunja na kunjua viungo taratibu kabla havijakauka, mvue nguo alizofia, mfunike shuka nyepesi na umwekee kitu chenye uzito kidogo tumboni lisifure. Kwa joto la Lamu, ukichelewa saa chache viungo hugoma na kuosha huwa shida.

Wakati huo huo msimamizi wa karatasi achukue kitambulisho cha marehemu. Aliyefia hospitali, karatasi huanzia huko. Aliyefia nyumbani, mwendee naibu chifu. Kibali cha mazishi kipatikane kabla ya kwenda makaburini. Kama ni ajali, au kifo kina shaka, polisi waitwe kwanza na maiti asioshwe mpaka waruhusu.

Saa ya maziko ipangwe mapema, kwa kawaida baada ya Adhuhuri au Alasiri. Msikusudie kuzika jua linapochomoza, linapokuwa utosini wala linapozama. Maiti akipelekwa Pate, Siyu au Faza, mtu wa kuulizwa kwanza ni nahodha: Mkanda, mkondo wa bahari unaopitiwa kwenda huko, hutegemea maji, na yakipwa chombo chaweza kukwama na jeneza juani. Tangazeni saa baada ya kujua maji yanajaa lini. Kumngoja jamaa aliye Mombasa asubuhi moja kunaeleweka. Kumngoja wa ng'ambo siku tatu, maiti yuko kwenye barafu, hakumfaidii marehemu.

Kuosha

Watu watatu wanatosha: mmoja anamimina, mmoja anaosha, mmoja anageuza. Wanaume humwosha mwanamume, wanawake humwosha mwanamke. Mume na mke wanaweza kuoshana. Wengine watoke. Wanaoosha wawe watu wa siri, kwani aibu ya mwili haisimuliwi nje. Mwosha huoshwa.

Weka kitanda mahali penye mteremko, kichwa kikiwa juu kidogo, na ufuo, shimo la kupokea maji, uchimbwe chini yake. Nyumba ya sakafu, hakikisha maji yana njia na hayatoki uchochoroni. Andaa ndoo sita hadi nane za lita 20. Kitovuni hadi magotini pasifunuliwe hata mara moja. Bonyeza tumbo polepole, safisha tupu kwa mkono wenye glavu, badilisha glavu, umtawadhishe. Kisha kichwa, upande wa kulia, upande wa kushoto.

Hapa wengi hukosea. Maji ya mkunazi, konzi mbili kwa ndoo, ni ya kuondoa uchafu. Hayahesabiwi kuwa josho mpaka yafuatwe na maji matupu yanayoenea mwili mzima. La lazima ni josho moja, sunna ni matatu, na likihitajika la nne ongeza la tano ili iwe witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili. Karafuu maiti huingia maji ya mwisho, kidogo tu. Ukizidisha, maji yanabadilika na josho lina mgogoro. Nywele za mwanamke zisukwe mikia mitatu na kulazwa nyuma. Mwenye majeraha amiminiwe bila kusuguliwa. Asiyeweza kuguswa na maji, kama aliyeungua vibaya, atayamamishwe, yaani apakwe udongo safi usoni na mikononi badala ya maji. Penye mshono wa hospitali tia pamba nyingi na ufunge bendeji, la sivyo damu hutokea kwenye sanda njiani.

Sanda

Mwanamume hukafiniwa kwa shuka tatu. Mwanamke vitu vitano: kikoi, kanzu, mtandio na shuka mbili. Kwa bafta ya upana wa mita 1.5 na mtu wa kimo cha kawaida, kata kila shuka mita 2.5. Nunua mita 9 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke, kamba zikiwemo. Bafta nyembamba huungwa, basi mara mbili ya hapo. Fukiza udi kabla ya kutandika. Pamba yenye karafuu maiti iwekwe kwenye paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu, pale panapogusa chini katika sijida. Kunja upande wa kushoto wa shuka kwanza, halafu wa kulia juu yake. Funga kichwani, kiunoni na miguuni kwa mafundo yanayofunguka kwa kuvuta.

Kuswalia ni takbira nne kwa kusimama, bila rukuu: Fatiha, kumswalia Mtume, dua ya maiti, dua fupi na salamu. Imamu husimama usawa wa kichwa cha mwanamume, na usawa wa nyonga za mwanamke. Kabla ya swala, mmoja wa jamaa atangaze kwamba anayemdai marehemu amwendee yeye.

Kaburi

Kibla cha Lamu ni kaskazini, kwa hiyo kaburi hulala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Mchanga wetu hauvumilii mwanandani wa ubavuni, yaani tundu la maiti linalochimbwa kando ya shimo. Hubomoka na kumfukia mchimbaji. Chimba shimo pana, halafu katikati ya sakafu yake mfereji wa upana wa sentimita 50, kina 50 na urefu kama mita 2. Mwagia maji mchanga kabla ya kuchimba, na rundo likae mita moja kutoka ukingoni. Viunza vinane vya sentimita 80 kwa 25 hufunika mfereji wote, vikikalia ukingo sentimita 15 kila upande.

Maiti huingizwa kutoka upande wa miguu, kichwa kikitangulia. Mwanamke hupokewa na maharimu wake, jamaa wasioweza kumwoa, kaburi likiwa limefunikwa shuka. Alazwe ubavu wa kulia, uso kaskazini, mgongo uegemezwe donge la udongo asirudi chali, mafundo yafunguliwe, shavu liguse mchanga. Panga viunza, ziba nyufa kwa mkeka au udongo wa maji, ndipo mfukie. Mchanga ukipenya kwenye nyufa, kaburi hutitia mvua ya kwanza. Juu liinuke shibiri moja tu.

Baada ya hapo

Sunna ni majirani kuwapikia wafiwa. Msimamizi wa chakula apange zamu za nyumba kwa siku tatu za matanga, na asikubali mfiwa akope mchele wa kulisha wageni. Hitima, kwa wanaoisoma, ikigawiwa juzuu 30 kwa wasomaji 30 huisha chini ya saa moja.

Jirani Mkristo akaribishwe barazani na kwenye msafara mpaka makaburini. Mwambieni mapema hakuna mashada wala picha. Sukari, mchele au maji ya kunywa yatafaa. Kwake pia mkifiwa, nendeni mkachimbe na kubeba viti, ibada muwaachie wenyewe.

Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito, basi mpangieni mtu wa kumtumia sokoni. Shughulikieni cheti cha kifo mapema, maana ndicho kitakachodaiwa benki na kwa Kadhi. Mali hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Nyumba isiuzwe wala kukodishwa na ndugu mmoja kabla ya hapo.