Namna ya Kuchagua Vitabu vya Maktaba ya Nyumbani kwa Familia ya Kiislamu

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Mtwara na Lindi vitabu vipo, ila ni vya aina moja: msahafu mmoja au miwili juu ya kabati, juzuu za watoto zilizochakaa kwa kwenda na kurudi chuo cha Qurani, kitabu cha Maulidi, na vijitabu vilivyonunuliwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Huo ni mwanzo mwema. Hata hivyo, baba anayetaka kuelewa mgawanyo wa mirathi, binti wa kidato cha pili aliyepewa kazi ya kueleza habari za Kilwa, na mdogo wake wa darasa la tatu anayetaka hadithi ya kujisomea, wote wakiliendea kabati hilo watarudi mikono mitupu. Kwa hiyo anayeanza kujenga maktaba asianze na orodha ya vitabu, bali aanze na watu wa nyumbani mwake: aandike nani anaweza kusoma nini, kwa lugha gani na kwa hati gani, na maswali gani yanaulizwa mara kwa mara pale nyumbani, kisha anunue kwa kuyafuata maswali hayo.

Msahafu ununuliwe wa kwanza, na ulinganishwe na ule ambao watoto wanautumia chuoni. Msahafu uliochapishwa Madina una kurasa 604, kila ukurasa una mistari 15 na humalizika pale aya inapomalizika, na mpangilio huo humsaidia sana anayehifadhi, kwa kuwa hukumbuka hata mahali aya ilipokaa. Misahafu ya chapa ya Bara Hindi, ambayo nayo imeenea pwani, ina herufi nene zaidi na alama zake zimechorwa kwa namna nyingine. Maneno ni yale yale, lakini mtoto aliyezoea kuona sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu, imeandikwa kama kichwa kidogo cha herufi khaa atasitasita akiwekewa mbele yake chapa ngeni, na mzazi atadhani mwanawe hajui kusoma. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho utazame kama upo ukurasa unaoeleza kamati iliyousahihisha msahafu huo.

Tarjama ya Kiswahili inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na jambo la kwanza la kutazama ni jina la mfasiri. Tarjama ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa kazi ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, na ile ya jumuiya ya Waahmadiyya ikafuata mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikamilisha yake mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akatoa ya kwake mwaka 1995. Kwa maoni yangu, familia yenye uwezo iwe na hizo mbili za mwisho, kwa sababu maelezo ya chini ya Sheikh al-Farsy yanamfaa msomaji anayetaka kujua sababu ya kushuka kwa aya, na kuziweka tarjama mbili ubavuni kwa ubavu humfundisha kijana kwamba kufasiri ni juhudi ya mwanadamu. Akikwama, amuulize ustadhi wake.

Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, wengi wetu huku kusini tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na watoto huanza na Safinatun-Naja, matini fupi ya Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut. Chagua chapa yenye matini ya Kiarabu pamoja na maelezo ya Kiswahili. Katika hadithi za Mtume, anza na Arubaini ya Imamu Nawawi, ambayo kwa hakika ina hadithi 42, ndipo upande hadi Riyadhus-Swalihina, mkusanyo wake mkubwa zaidi. Kijitabu chochote kinachosema tu kwamba Mtume amesema hivi, bila kutaja ni nani aliyeipokea hadithi hiyo na imo katika kitabu gani, kirudishe mezani hata kama bei yake ni ndogo na jalada lake linameremeta.

Yapo maswali ambayo watoto hawawaulizi wazazi ana kwa ana. Mafunzo ya unyago na ya madrasa hayamalizi yote, kwa hiyo kitabu cha twahara kinachoeleza hedhi na nifasi (damu ya baada ya kujifungua), pamoja na kijitabu cha afya ya uzazi kilichoandikwa na wataalamu wa afya, vikae mahali ambapo binti atavifikia bila kuomba ruhusa. Kijana wa kiume naye awekewe cha kwake.

Nina tahadhari kuhusu vijitabu vya mihadhara, vile vya kulumbana na Wakristo, ambavyo huuzwa kwa wingi na husomwa kwa shangwe. Mtu akivisoma hivyo peke yake hujifunza kushinda mjadala, lakini hajifunzi dini ya jirani wala hata yake mwenyewe. Tunaishi na watu ambao historia yao ya kanisa ni ndefu: misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876 na watawa wa Ndanda wako pale tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto wa Kiislamu anayesoma darasa moja na watoto hao anufaike na kitabu kimoja kinachoeleza imani yao kwa utulivu, baada ya kuijua vyema ya kwake. Vivyo hivyo kwa Waislamu wa madhehebu nyingine. Maelezo yao yasomwe kutoka kwa waandishi wao, mzazi akiwa karibu.

Kwenye historia ndipo eneo letu lina utajiri ambao mara nyingi hatuuweki rafuni. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika juu ya sultani wake na watu wake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na msikiti mkuu bado unaonekana. Kitabu cha historia ya pwani kinachoeleza biashara ya dhahabu, ujenzi wa mawe ya matumbawe na kuja kwa Wareno kitamwonesha kijana kwamba Uislamu wa hapa si wa jana. Tafuta pia maandishi kuhusu vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mojawapo ni utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Nakala yake ni adimu madukani, hivyo ulizia katika maktaba ya mkoa au vyuoni, na ukiipata isome kwa sauti, kwa maana tenzi ziliandikwa zisikike.

Usisahau makaratasi ya nyumbani kwenu. Barua za babu zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, daftari la kasida, orodha ya tarehe za kuzaliwa iliyoandikwa ndani ya jalada la kitabu cha Maulidi: hivyo vyote ni sehemu ya maktaba, na havinunuliki popote. Vipigwe picha, viwekwe katika bahasha safi, na mzee anayeweza kuvisoma aombwe avisome kijana akiandika. Hadithi za Kimakonde, Kimwera na Kiyao ambazo bibi anazisimulia zina haki hiyo hiyo, kwa kuwa vitabu vya watoto katika lugha hizo ni vichache mno.

Wapo wazazi wanaoziogopa riwaya. Naielewa hofu yao, ila dawa yake ni mzazi kusoma kwanza, si kuzifungia nje zote. Shaaban Robert anafaa kuwa mlangoni, kisha Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao ni wasia wa mama kwa bintiye na unastahili kusomwa pamoja na kujadiliwa, hata kupingwa pale ambapo wasomaji wa leo hawakubaliani nao. Kwa watu wazima, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, inapatikana kwa Kiswahili tangu mwaka 2022.

Sayansi na maarifa ya kazi vipewe nafasi bila kuonewa haya. Mtoto wa Lindi aambiwe kwamba mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani mwake, kati ya 1909 na 1913 imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, na awe na kitabu chenye picha kinachoeleza viumbe hao. Nyumba yenye shamba la mikorosho iwe na mwongozo unaoeleza ugonjwa wa ubwiri unga na wakati wa kupuliza salfa. Kamusi ya Kiswahili haikwepeki.

Ukiwa dukani, usiridhike na jalada. Soma kurasa mbili za katikati. Kiswahili kikikukwaza wewe mtu mzima, mtoto hatakimaliza. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa, kwani chapa za bei rahisi huruka kurasa kadhaa kwa mkupuo au huzirudia, kisha tazama uti wa kitabu: kilichoshonwa kwa uzi hudumu, kilichogandishwa kwa gundi peke yake huachia kurasa mapema katika joto na unyevu wa pwani. Unyevu huo na mchwa ndio maadui wakubwa, kwa hiyo rafu iachane na ukuta kwa upana wa kiganja, miguu yake isigusane na udongo, na vitabu vitolewe, vipanguswe na kupepewa kivulini kila masika yanapokwisha. Misahafu ikae rafu ya juu kabisa na kisiwekwe kitu juu yake.

Fedha za korosho zinapoingia ndipo wengi hununua vitu vya nyumba, nao ni wakati mwafaka wa kutenga fungu la vitabu na kumwagiza mtu Kariakoo vile visivyopatikana hapa, kwa orodha yenye jina la mwandishi na la mfasiri. Vichache kila msimu vyatosha. Daftari la kuazima liwe karibu na rafu, jirani aandike jina la kitabu na siku aliyokichukua, maana kitabu cha kuazima bila maandishi hakirudi, na ukilisoma daftari hilo mwisho wa mwaka litakuonesha ni vitabu gani vinavyotafutwa na vipi havijaguswa. Visivyoguswa vipelekwe shuleni au madrasa. Kurasa za msahafu zilizochakaa zizikwe mahali safi pasipokanyagwa au zichomwe kwa heshima kama ustadhi wenu anavyoelekeza.