Kamera ya Dashibodi kwa Gari Linalolala Nje: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Mbeya

Mwenye gari anayeishi nyumba ya kupanga katika jiji la Mbeya, iwe Sokomatola, Soweto au Mwanjelwa, mara nyingi hana geti wala ukuta, na gari lake hulala pembezoni mwa barabara au kwenye kiwanja cha jirani aliyekubali kwa hisani. Asubuhi hukuta mkwaruzo wa msumari uliotoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, kioo cha pembeni kimeng'olewa na nyaya zinaning'inia, au bampa limebonyezwa na mtu aliyerudi kinyumenyume kisha akaenda zake. Ukiuliza, kila jirani alikuwa amelala. Kamera ya dashibodi, yaani kamera ndogo inayobandikwa ndani ya kioo cha gari na kurekodi video, inaweza kuwa shahidi wa saa hizo, lakini haizuii jiwe wala msumari, na itaona kile tu ulichoielekezea. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitasema machache kuhusu kununua na mengi kuhusu kuegesha, kuunganisha umeme na kupanga mipangilio.

Unaponunua, uliza kwanza kama kamera ina hali ya maegesho, yaani kama inaweza kuendelea kufanya kazi gari likiwa limezimwa na ufunguo umo mfukoni mwako. Kamera nyingi za bei ya chini zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti huzimika pamoja na swichi, na kwa kazi tunayoizungumzia hapa hazina faida. Zenye hali hiyo hulinda gari kwa njia tatu. Ya kwanza ni kigunduzi cha mtikisiko, ambacho huiamsha kamera gari linapogongwa. Ya pili ni kigunduzi cha mwendo, ambacho huanza kurekodi kitu kinapopita mbele ya lenzi. Ya tatu ni kurekodi kwa vipindi, ambapo kamera hupiga picha moja au chache kila sekunde usiku kucha na kuziunganisha kuwa video fupi.

Wauzaji husifu zaidi kigunduzi cha mtikisiko kwa sababu hakili umeme mwingi, na mimi ndicho nilichoanza nacho. Wakati huo nilikuwa naegesha karibu na Mafiati, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Tunduma, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yalikuwa yakipita usiku kucha. Kila lori lililopita likiwa na shehena lilitikisa ardhi kiasi cha kuiamsha kamera, nayo ikahifadhi faili na kulifunga lisifutwe, hadi kadi ikajaa mafaili yaliyofungwa ya barabara tupu. Usiku ambao mtu alikuja kung'oa kioo changu cha kushoto, kamera haikuwa na nafasi hata ya dakika moja. Nilijifunza pia kwamba kamera iliyolala huhitaji muda kidogo ili iamke, na aliyekwaruza mlango kwa msumari hatikisi gari kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kutumia kurekodi kwa vipindi kama njia kuu, huku kigunduzi cha mtikisiko kikiwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa kwa wanaoegesha karibu na barabara kubwa, na cha kati kwa walio mitaa ya ndani. Kigunduzi cha mwendo kinafaa uani ambako hapapiti watu. Kando ya genge au kituo cha bodaboda kitarekodi kila mpita njia hadi kadi ichoke.

Suala la umeme ndilo linalowaumiza wengi, hasa wenye magari madogo kama Vitz, Passo na IST. Kamera ya kawaida hutumia takribani wati 4, ambazo kwa betri ya volti 12 ni kama theluthi moja ya ampea. Kwa saa 12 za usiku itakula ampea-saa (kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) 4 hivi, na betri nzima ya ampea-saa 40 haitaona shida. Lakini ukiliacha gari Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, kamera itakuwa imemeza ampea-saa 20, yaani nusu ya betri hiyo, na betri iliyozeeka haina hata hiyo nusu. Ongeza baridi yetu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai betri hupungukiwa nguvu wakati uleule ambao oili ya injini imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Wenzetu wa Njombe na Makambako wanalijua hilo kuliko sisi. Na gari la otomatiki, kama wengi walivyogundua saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na vijana wanne wa kusukuma, haliwaki kwa kusukumwa.

Dawa yake ni waya maalumu wa kuunganisha kamera kwenye sanduku la fyuzi, wenye kikata umeme ndani yake. Waya huo huwa na ncha tatu: moja huenda kwenye fyuzi yenye umeme wakati wote, ya pili kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ikiwashwa tu, na ya tatu hufungwa kwenye chuma cha bodi. Ncha ya pili ndiyo inayoijulisha kamera kwamba sasa gari limezimwa na iingie hali ya maegesho. Fundi akiziunganisha mbili za kwanza pamoja ili kurahisisha kazi, kamera itadhani unaendesha usiku kucha. Rangi za waya hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo mwambie fundi umeme athibitishe kila fyuzi kwa testa, swichi ikiwa imezimwa na kisha ikiwa imewashwa. Asiguse fyuzi ya mifuko ya hewa wala ya breki. Gari lako likiwa na mfuko wa hewa kwenye nguzo ya kioo cha mbele, waya upite nyuma ya mfuko huo, kamwe usikatize mbele yake.

Kikata umeme huwekwa kwenye volti unayochagua. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, na ikifika 12.2 imebakiwa na nusu hivi. Mimi huweka 12.2 wakati wa joto na 12.4 kuanzia Juni hadi Agosti. Aliye na betri ya miaka mitatu aweke 12.4 mwaka mzima. Kikata umeme kikizima kamera saa tisa usiku, maana yake betri inakuomba uibadilishe, na kushusha kiwango hadi 11.8 ili kamera ifike asubuhi ni kujitafutia taabu. Asiyetaka kugusa nyaya za gari anaweza kutumia pawabenki kubwa anayoichaji nyumbani, ila asiiache juu ya dashibodi mchana, kwa sababu jua la huku juu ni kali hata siku ya baridi. Kwa sababu hiyohiyo, kamera inayotumia kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, badala ya betri ndogo ya ndani hudumu zaidi nyuma ya kioo.

Sasa tuje kwenye kuegesha. Lenzi ya mbele huona upana wa nyuzi 130 hadi 140 hivi, na ya nyuma, kama unayo, huona kidogo kupungua hapo. Kinachobaki ni ubavu wa kulia na wa kushoto, na msumari hupita ubavuni. Kamera zako mbili hazitaona mkono wa mharibifu ukifanya kazi, lakini zinaweza kuona uso wake akija na mgongo wake akiondoka. Egesha basi ukifikiria njia atakayopitia. Kama uchochoro unaingilia upande mmoja tu, sogeza ubavu mmoja karibu na ukuta na elekeza pua ya gari kwenye mwingilio. Kama kuna taa ya barabarani au taa ya sola ukutani, gari liwe chini ya taa hiyo au taa iwe nyuma ya kamera ikimulika mbele. Taa inayotazama lenzi itamfanya kila mtu kuwa kivuli cheusi. Miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao wauzaji huupigia debe kwa usiku, hurudishwa na kioo na haimulikii chochote nje ya gari.

Mbinu iliyonisaidia kuliko zote haikugharimu kitu. Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, naye ana kamera, na siku moja nilimwambia, "Mwalimu, geuza gari lako litazame langu, nami langu litazame lako." Alicheka, kisha akageuza. Tangu hapo magari yetu hulala yakitazamana kwa mshazari, umbali wa mita sita hivi, na kila kamera huona pua na ubavu mzima wa gari la mwenzake, yaani sehemu ileile ambayo mwenye gari hawezi kujionea.

Kioo kiwe safi ndani na nje. Asubuhi za ukungu, na kwa walio Tukuyu karibu mwaka mzima, unyevu hujikusanya upande wa ndani wa kioo na kuifunika lenzi kama pazia. Kufungua dirisha upenyo wa nusu sentimita kabla ya kulala hupunguza tatizo, ingawa si ushauri kwa usiku wa mvua. Kioo cha nyuma chenye tinti nyeusi huizima kamera ya nyuma ifikapo giza.

Kagua saa ya kamera, hasa kama ilikuja na gari kutoka Japani. Saa ya Japani iko mbele ya yetu kwa saa 6, na kamera isiyorekebishwa itaandika 08:20 kwa tukio lililotokea 02:20. Unapotoa maelezo kumbuka pia kwamba 02:20 ya kamera ni saa nane na dakika ishirini usiku kwa kauli yetu, na maelezo yako yakisema saa mbili usiku ushahidi utapingana na mdomo wako mwenyewe. Kadi ya kumbukumbu iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, ya GB 64 au 128, na uifomati ndani ya kamera yenyewe mara moja kwa mwezi. Kadi za bei ya kutupa huacha kurekodi bila kutoa taarifa.

Kamera yenyewe huvuta wezi, kwa hiyo chagua ndogo, ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, na uzime skrini na kitaa chake kinachowaka bluu. Kibandiko cha maneno "Gari hili linarekodi" kwenye dirisha la pembeni huwafukuza watoto na walevi, ambao kwa uzoefu wangu ndio wengi. Mwizi aliyedhamiria atakisoma na kuvaa kofia.

Siku ukikuta uharibifu, usiwashe gari kwanza, maana kamera itaanza kuandika upya. Toa kadi, piga picha za uharibifu kwa simu, kisha nakili faili zima kwenye kompyuta bila kukata wala kuongeza mwanga. Kadi yenyewe iweke kwenye bahasha, uandike tarehe na jina la aliyeitoa. Fungua taarifa polisi na upate namba ya RB. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii, lakini mahakama huangalia namna rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, na kama haikuchezewa. Video iliyotumwa kwa kawaida kwenye WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora; ukilazimika kuituma, itume kama hati. Usiirushe kwenye kundi la mtaa ukimwita mtu mwizi, kwa sababu uso wa gizani hufananishwa kwa urahisi, na wananchi wenye hasira kali hawasubiri kuhakikisha.

Mwenye bima kubwa apige simu kwa kampuni yake siku hiyohiyo na asipeleke gari kunyooshwa bodi kabla halijakaguliwa. Mwenye bima ndogo hatalipwa kwa uharibifu wa gari lake mwenyewe, na tegemeo lake ni kumpata aliyefanya. Sauti ya ndani izime wakati wa maegesho, na kama lenzi inatazama mlango au dirisha la chumba cha mpangaji mwenzako, mweleze kabla ya kuegesha hapo au uigeuze. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla yake mama mwenye chumba cha mbele kwetu alikwishaniuliza, kwa upole, kama kile kijicho kinamwona akianika nguo. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikaisogeza lenzi vidole viwili kushoto, na siku hizi yeye ndiye hunijulisha mtu asiyemfahamu akilizunguka gari.