Kunasa Shaba Majini kwa Shanga za Kitosani Iliyoimarishwa

Kitosani, inayopatikana kwa kuchemsha kitini (dutu ngumu ya magamba ya kamba na kaa) katika hidroksidi ya sodiamu kali, hunasa metali kwa makundi yake ya amino, ambayo nitrojeni yake hushikamana na ioni za shaba, risasi au kadimiamu. Kasoro yake ni kwamba huyeyuka kwenye maji yenye asidi, na ndiyo maana huimarishwa kwanza.

Yeyusha gramu 2 za unga wa kitosani katika mililita 100 za asidi ya asetiki ya asilimia 2, ukikoroga kwa saa kadhaa, kisha uache usiku kucha ili mapovu yatoke. Udondoshe ute huo kwa bomba la sindano, tone baada ya tone, ndani ya hidroksidi ya sodiamu ya mola 1 kwa lita. Kila tone hugeuka shanga nyeupe laini. Zikiota mkia kama viluwiluwi, ute ni mzito mno, uzimue kwa asidi ileile. Osha shanga kwa maji yaliyokenekwa mpaka alkali iishe.

Hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote ni kuunganisha minyororo ya molekuli za kitosani kwa glutaraldehidi, ndiko kuimarisha kwenyewe, kwa kuwa kemikali hii hutumia makundi yaleyale ya amino yanayonasa metali, na ukiizidisha utapata shanga imara zisizonasa cha maana. Nashauri ugawe shanga mafungu matatu na kuyaloweka katika glutaraldehidi ya nguvu tofauti, kuanzia hafifu kabisa. Zitageuka manjano, kisha hudhurungi. Tia chache za kila fungu katika asidi ya asetiki usiku kucha, uchague nguvu ndogo kuliko zote ambayo shanga zake hazikuyeyuka. Glutaraldehidi huunguza macho na njia ya hewa, hivyo fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, ukiwa na glavu na miwani.

Ili kuzijaribu, weka shanga zenye uzito mkavu wa gramu 0.1 katika mililita 50 za maji yenye miligramu 50 za shaba kwa lita, kwa pH 5 (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, asidi huzidi), utikise saa 24. Chini ya pH 4 amino hubeba protoni, zenye chaji chanya, na kuisukuma shaba, ambayo nayo ina chaji chanya. Juu ya 6 shaba hutuama yenyewe kama hidroksidi, nawe utazisifu shanga kwa kazi zisiyoifanya, kwa hiyo daima weka chupa ya pili isiyo na shanga. Shaba ikishuka hadi miligramu 10 kwa lita, hesabu ni (50 − 10) × lita 0.05 ÷ gramu 0.1, yaani miligramu 20 kwa kila gramu. Kromati, ioni ya kromiamu na oksijeni yenye chaji hasi, hudai kinyume chake: pH ya 3 hadi 4.

Shanga zilizoshiba huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki ya mola 0.1 kwa lita, kisha kwa alkali hafifu na maji, zikatumika tena. Asidi hiyo sasa imebeba shaba uliyoiondoa majini, hivyo ihifadhiwe katika chupa yenye lebo, isimwagwe kwenye sinki.