Kabla hujaanza kutafiti tamthilia za Wagiriki na Warumi

Mada kama "nafasi ya mwanamke katika tanzia ya Kigiriki" inavutia kwenye karatasi, lakini imewazamisha wengi. Ni afadhali uanze na tamthilia moja ambayo mwaka wake wa kuonyeshwa unajulikana. Waajemi ya Aeschylus ilionyeshwa 472 KK, miaka minane baada ya vita vya Salamis ambako Wagiriki waliwashinda Waajemi baharini, Oresteia yake ikafuata 458, na Medea ya Euripides 431. (Miaka ya KK huhesabiwa kwa kushuka. Liangalie hilo kabla msimamizi wako hajaliona.) Mfalme Oedipus ya Sophocles, ambayo karibu kila mtu anataka kuiandikia, haina mwaka wa uhakika. Wengi huiweka karibu na tauni iliyoanza kuua watu Athens mwaka 430 KK, kwa kuwa inafunguka na mji unaoteketea kwa tauni. Hayo ni makisio. Ukiyatumia, yataje kuwa makisio.

Ukishapata mwaka, tafuta na miezi. Wanawake wa Troy ya Euripides ilionyeshwa 415 KK, na mara nyingi husomwa kama kilio dhidi ya unyama wa Waathene kisiwani Melos, ambako waliwaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Lakini Melos ilisalimu amri majira ya baridi, na tamasha la Dionysus, ambako tamthilia zilionyeshwa, likafanyika majira ya machipuko yaliyofuata, wakati archoni, afisa aliyesimamia tamasha hilo, alikuwa akiwagawia washairi korasi (kundi la waimbaji na wachezaji wa tamthilia) miezi mingi kabla. Huenda basi mchezo ulikuwa umekwishapangwa kabla damu haijamwagika. Medea nayo ilionyeshwa kabla jeshi la Sparta halijaivamia Attica, eneo la Athens, baadaye mwaka huohuo, kwa hiyo huwezi kuiita tamthilia kuhusu uvamizi huo. Kwenye mashindano ya washairi watatu katika tamasha hilo ilishika nafasi ya tatu, yaani ya mwisho. Hukumu yetu na ya waamuzi wa Athens ni vitu viwili.

Pima pia ukubwa wa kilichopotea. Sophocles aliandika zaidi ya tamthilia 100, na zilizotufikia zikiwa kamili ni 7 tu. Hizo, pamoja na zile za Aeschylus, zilisalia hasa kwa kuwa zilichaguliwa kusomwa na wanafunzi. Euripides ana 19 zenye jina lake, ingawa Rhesus wengi hawaamini kuwa ni yake. Kumi zilipita kwenye mchujo huohuo wa kishule. Tisa nyingine zinaonekana kutoka katika kipande cha mkusanyiko uliopangwa kwa alfabeti, kwa maana vichwa vyake vya Kigiriki vinaangukia herufi za jirani. Hizo tisa ni bahati tupu, na kwa mtafiti ni dhahabu, maana hazikuchujwa na mwalimu yeyote. Kwa hiyo kauli ya "Sophocles daima hufanya hivi" iepuke kabisa.

Usitumie picha za ukumbi wa Dionysus wa leo kama ushahidi wa mambo ya karne ya 5 KK. Mawe mengi unayoyaona ni ya baadaye, na jukwaa lilijengwa upya enzi za Warumi. Mwanafalsafa Aristotle pia aliandika Poetics, kitabu chake kuhusu utunzi wa tanzia, takribani karne moja baada ya Medea. Ni msomaji makini, si mtunga sheria ambazo Sophocles alizifuata. Mambo ya kweli ya kuyajua mapema ni haya: waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa vinyago, na gharama za korasi zilibebwa na raia tajiri. Aliyelipia Waajemi alikuwa Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athens baadaye, wakati huo bado kijana. Hapo siasa inaingia bila kulazimishwa.

Roma ipe faili lake. Livius Andronicus alionyesha tamthilia ya Kilatini mwaka 240 KK, lakini ukumbi wa kwanza wa kudumu wa mawe mjini, ule wa Pompey, ulifunguliwa 55 KK. Plautus na Terence, watunzi wa vichekesho vya Kilatini, waliandikia majukwaa ya mbao yaliyosimamishwa kwa ajili ya sikukuu, huku burudani nyingine zikigombea watazamaji haohao. Dibaji ya Hecyra ya Terence inalalamika kwamba onyesho la kwanza liliharibiwa na habari za mabondia na mtembea kamba, na la pili na uvumi wa mapigano ya gladiata. Ni ushahidi mtamu, ila anayesema ni mtu anayewabembeleza watazamaji wakae. Usome ukikumbuka hilo. Kwa Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyetunga tanzia, wataalamu bado wanabishana iwapo tanzia zake zilichezwa jukwaani, na Octavia, ambamo yeye mwenyewe ni mhusika, si kazi yake.

Mwisho, kama husomi Kigiriki wala Kilatini, tumia tafsiri mbili au zaidi na unukuu kwa namba za mistari badala ya kurasa. Maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina matini asilia na tafsiri bila malipo. Nyingi ni za zamani, na za Aristophanes huwa zimefunika matusi, jambo linalotosha kuharibu sura nzima ya tasnifu kuhusu vichekesho vyake.