Jinsi ya kuomba ripoti za usalama barabarani kutoka kwa serikali ya Kenya

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zinaonyesha kuwa watu 4,748 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka 2024. Tangu 2021 idadi hiyo haijashuka chini ya 4,000 kwa mwaka, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Kila baada ya ajali kubwa tunasikia risala za rambirambi, unafanyika msako wa siku chache, matatu kadhaa zinazuiliwa, kisha kimya. Lakini kazi ya serikali ya kusimamia barabara huacha karatasi: ripoti za ukaguzi, barua kati ya ofisi na ofisi, mikataba ya ukarabati, leseni zilizotolewa na zilizosimamishwa. Raia ana haki ya kuziona karatasi hizo, na upo utaratibu wa kisheria wa kuziomba.

Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyotungwa kutekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Raia yeyote wa Kenya anaweza kuomba, na vilevile shirika la kibinafsi linalodhibitiwa na raia. Huhitaji wakili. Huhitaji pia kueleza sababu, kwa maana sheria inasema wazi kwamba haki yako haiathiriwi na sababu uliyotoa wala na kile afisa anachodhani ndicho kinachokusukuma. Ukiulizwa "unazitaka za nini?", jibu kwa heshima kwamba sheria haidai sababu. Barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, lugha zote mbili zimetajwa katika sheria hiyo, kwa hiyo asikurudishe mtu ukaandike upya kwa Kiingereza.

Hatua ya kwanza: jua barabara ni ya nani

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Mtu anaandikia "Wizara ya Barabara" kuhusu tuta lililong'olewa mbele ya shule, barua inazunguka, wiki zinapita.

Barabara kuu za kitaifa zinasimamiwa na KeNHA (Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu). Barabara za kitaifa zilizo mijini ni za KURA (Mamlaka ya Barabara za Mijini), na za mashambani ni za KeRRA (Mamlaka ya Barabara za Mashambani). Mamlaka hizi tatu ziliundwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Barabara za kaunti, pamoja na taa za barabarani na maegesho, ziko mikononi mwa serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Pesa za kukarabati hutokana kwa sehemu kubwa na ushuru tunaokatwa tukinunua mafuta, ambao tangu Julai 2024 ni Sh25 kwa kila lita, na anayezigawa ni Bodi ya Barabara Kenya. Njia rahisi ya kujua mwenye barabara ni kutazama bango la mradi kama lipo, kwa kuwa huandikwa jina la mamlaka na la mwanakandarasi. Kama halipo, uliza ofisi ya mamlaka iliyo karibu nawe au ofisi ya mhandisi wa kaunti.

Hiyo ni barabara yenyewe. Magari na madereva ni suala la NTSA. Sheria iliyoiunda, ya mwaka 2012, inaipa kazi ya kusajili na kukagua magari, kutoa leseni kwa magari ya abiria, na kufanya utafiti na ukaguzi kuhusu usalama barabarani. Kwa hiyo ukitaka kujua kama sacco (ushirika wa wenye matatu) fulani ilikuwa na leseni ya kuhudumu mwezi fulani, au kama leseni yake iliwahi kusimamishwa, andikia NTSA. Rekodi za kila ajali huanzia kituo cha polisi. Lakini kama wewe ndiwe uliyeumia na unataka "abstract" (karatasi ya polisi inayothibitisha ajali) ya bima, huo ni utaratibu mwingine kabisa: nenda kituoni, usiutumie mwongozo huu.

Ukikosea ofisi, mambo hayajaharibika. Ofisi iliyopokea barua isiyoihusu ina siku 5 za kuihamishia ofisi husika, na lazima ikujulishe. Ila kwa maoni yangu ni afadhali uandikie ofisi mbili kwa wakati mmoja kuliko kutegemea barua ihamishwe.

Hatua ya pili: omba karatasi, usiombe maelezo

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili. Ukiandika "naomba kujua kwa nini watu wanaendelea kufa hapa", umempa afisa nafasi ya kukujibu kwa aya tatu za maneno matupu: serikali imejitolea, mikakati inaendelea, madereva wawe waangalifu. Ukiandika "naomba nakala ya ripoti ya ukaguzi wa usalama wa barabara hii", kuna majibu matatu tu: hii hapa, ipo lakini hatutakupa kwa sababu hii, au haipo. Yote matatu yana maana. Ofisi ya serikali ikiandika kwa barua rasmi kwamba haijawahi kukagua usalama wa njia panda inayoua watu, barua hiyo ina uzito kuliko maandamano.

Fikiria ajali ya Londiani. Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilikosa mwelekeo katika njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likagonga magari na watu waliokuwa wakifanya biashara kando ya barabara. Watu 52 walipoteza maisha. Maswali ambayo jamaa za waliokufa wanaweza kuuliza baada ya msiba kama huo karibu yote yana karatasi yake. Je, mamlaka ya barabara iliwahi kukagua mteremko na njia panda? Ukaguzi ulipendekeza nini, na nani alipokea mapendekezo? Kuna barua yoyote kati ya mamlaka na kaunti kuhusu wafanyabiashara walio kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kando yake? Gari lilikaguliwa mara ya mwisho lini? Kila swali ligeuze liwe jina la stakabadhi.

Taja vitu vitatu kila mara: sehemu ya barabara (kutoka wapi hadi wapi), aina ya stakabadhi, na kipindi. Usiombe "rekodi zote za ajali nchini". Ombi la kupitia mafaili mengi linaipa ofisi sababu halali ya kujiongezea muda. Omba machache yanayoshikika, kisha rudi na ombi la pili ukishaona la kwanza limezaa nini.

Epuka pia kuomba majina ya madereva, nambari zao za simu au taarifa za matibabu ya majeruhi. Sheria inalinda faragha ya mtu, pamoja na usalama wa taifa, mwenendo wa haki na siri za kibiashara. Ukichanganya ombi halali na jambo la faragha, unampa afisa kisingizio cha kukataa yote.

Hatua ya tatu: andika barua

Ofisi inaweza kuwa na fomu yake. Itumie ikiwa unayo, lakini ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu hukutumia fomu. Barua fupi inatosha. Mfano:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu, KeNHA.

KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016

Mimi ni raia wa Kenya mwenye kitambulisho nambari … Naomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu Barabara Kuu ya Thika (A2), sehemu ya kati ya Githurai na Kahawa:

1. Ripoti za ukaguzi wa usalama wa barabara zilizofanywa kati ya Januari 1, 2022 na Desemba 31, 2024.
2. Barua zilizoandikwa katika kipindi hicho kati ya KeNHA na NTSA kuhusu usalama wa wanaotembea kwa miguu katika sehemu hiyo.
3. Ratiba na bajeti iliyoidhinishwa ya kukarabati vivuko, taa na alama za barabarani katika sehemu hiyo.

Ikiwa stakabadhi yoyote haipo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi. Ikiwa sehemu ya stakabadhi ina habari zinazolindwa na sheria, naomba sehemu hiyo ifunikwe na nipewe iliyobaki. Naomba nipate majibu kwa baruapepe …"

Weka tarehe, jina, anwani na sahihi. Ile aya ya mwisho usiiache. Ndiyo inayomzuia afisa kukaa kimya kuhusu kisichokuwepo, au kuzuia ripoti ya kurasa 60 kwa sababu ya jina moja lililomo ndani.

Barua ielekezwe kwa mkuu wa taasisi, kwa kuwa kisheria yeye ndiye afisa wa upatikanaji wa habari hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo. Kwa kaunti, mwandikie katibu wa kaunti.

Kama una mzazi au jirani asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kwenda ofisini akaeleza ombi lake kwa mdomo. Afisa analazimika kuliandika na kumpa nakala. Nenda naye, ukae karibu naye hadi nakala hiyo itoke.

Hatua ya nne: wasilisha na ubaki na ushahidi

Ukipeleka mwenyewe, beba nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila mhuri huo, hata ukiambiwa "acha tu, tutakupigia". Ukituma kwa baruapepe, hifadhi ujumbe uliotumwa na uombe uthibitisho. Kutuma ombi ni bure.

Hatua ya tano: hesabu siku

Ofisi ina siku 21 tangu ilipopokea ombi. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, ikiwa ombi linahitaji kupekua rekodi nyingi au kushauriana na wengine. Siku zikiisha bila jibu, sheria inalichukulia ombi kuwa limekataliwa. Maana yake ni kwamba kimya hakikuzuii kusonga mbele.

Habari zinazohusu uhai au uhuru wa mtu zina muda mfupi zaidi: saa 48. Kipengele hiki ni cha maana sana barabarani na hakitumiwi vya kutosha. Tuseme mafuriko yamekula kingo za daraja, na magari ya shule bado yanapita juu yake. Unaomba ripoti ya mhandisi kuhusu kama daraja linabeba uzito. Hapo sema katika sentensi ya kwanza ya barua kwamba habari zinahusu uhai wa watu, na ueleze hatari kwa ufupi. Lakini usiitumie kwa ripoti ya miaka mitatu iliyopita. Ukiitumia ovyo, wataacha kuisikiliza.

Ombi likikubaliwa, unaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala na kuzituma, si zaidi. Ukishalipa, unapaswa kupewa stakabadhi ulizoomba ndani ya siku 2 za kazi. Dai risiti.

Ukikataliwa au ukinyamaziwa

Barua ya kukataa lazima itaje sababu na ikueleze jinsi ya kulalamika. Malalamiko huenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ofisi ya Ombudsman. Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi, na Tume inaweza kukuongezea muda. Makao yake makuu ni Nairobi, na ina matawi yakiwemo ya Mombasa, Kisumu na Eldoret. Ambatisha nakala yenye mhuri, barua yoyote ya majibu, na maelezo ya ukurasa mmoja yanayofuata tarehe.

Katika maelezo hayo, jibu sababu waliyotoa, moja baada ya nyingine. Wakisema "siri ya kibiashara" kuhusu mkataba wa kukarabati barabara, kumbusha kwamba sheria yenyewe inataja maslahi ya umma kuwa ni pamoja na matumizi ya pesa za umma kusimamiwa ipasavyo, wananchi kujulishwa hatari kwa afya au usalama wao, na kuhakikisha kuwa taasisi yenye jukumu la usimamizi inalitekeleza jukumu hilo. Sioni maneno mengine katika sheria hiyo yanayogusa barabara zetu moja kwa moja kama hayo.

Tume inaweza kuwaita maafisa, kudai stakabadhi na kuamuru zitolewe. Asiyeridhika na amri yake ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Amri isiyokatiwa rufaa inaweza kusajiliwa katika mahakama hiyo na kutekelezwa kama hukumu.

Ukishazipata

Soma mapendekezo ya ukaguzi kwanza, kisha nenda barabarani ukalinganishe. Kama ripoti ilidai kizuizi au taa na hakuna kitu, piga picha, andika tarehe, mpelekee mwakilishi wa wadi na mbunge wako ripoti na picha pamoja. Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi rasmi bungeni. Katika Bunge la Kitaifa, ombi hupelekwa kwa Kamati ya Maombi ya Umma, na kamati hupewa muda maalumu wa kulijibu. Ambatisha ripoti ya serikali yenyewe kama kiambatisho cha kwanza, na taja ukurasa wenye pendekezo ambalo halijatekelezwa.