Kuhama na Mtoto Baada ya Wazazi Kutengana: Utaratibu wa Kufuata Tanzania

Mzazi anayeishi na mtoto baada ya kutengana na mwenzake, akipata kazi Mwanza ilhali baba wa mtoto yuko Dar es Salaam, asifungashe mizigo kabla ya kusoma upya amri ya mahakama, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kuweka masharti ya malezi, likiwamo katazo la kumtoa mtoto nje ya nchi. Mweleze mzazi mwenzako mapema, kwa maandishi, ukipendekeza utaratibu unaotekelezeka: likizo ya Juni na ya Desemba mtoto atakuwa kwa nani, nauli ya basi atalipa nani, na simu itapigwa siku zipi. Nauli, ambayo wengi huipuuza, ndiyo huzua ugomvi.

Mkiafikiana, ombeni mahakama ibadilishe amri. Msipoafikiana, wasilisha maombi ukiambatisha barua ya ajira na uthibitisho wa nafasi ya shule. Dhana ya kisheria kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama inaweza kupingwa, na mahakama huzingatia pia athari za kumhamishahamisha mtoto. Ofisa ustawi wa jamii akija kuandaa taarifa, usimfundishe mtoto majibu.